Bi Munira na Bi Mdogo wa Kwenye Simu

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi Munira Twalib anastaafu baada ya kuitumikia kampuni yetu ya Mlangoni Vifurushi kwa miaka ishirini na saba. Alianzia kaunta ya Temeke, akahamishiwa kwenye simu, na kwenye simu ndiko anakostaafia. Jarida letu limeniomba mimi, Felicitas wa dawati la malalamiko, niandike wasifu wake. Nimekubali kwa furaha, ila niseme mapema kwamba mambo ya mwaka huu wa mwisho yaliniacha mdomo wazi, na mpaka sasa bado sijaufumba vizuri.

Walioajiriwa juzi hawajui kwamba zamani kampuni hii haikumpelekea mtu kitu mlangoni. Mzigo ulishushwa, ukawekwa stoo, na mwenyewe akaufuata siku atakayojisikia. Marehemu Mzee Akberali, mwanzilishi wetu, ndiye aliyenunua pikipiki za kwanza. Akamkabidhi Bi Munira simu ya mezani na kumwambia awapigie wateja awaulize wanakaa wapi. Mzee alidhani hiyo ni kazi ya wiki moja, kwani nani asiyejua kuelekeza kwake? Kumbe ni wengi! Mteja wa Mtoni atakwambia ushuke kwenye kibao cha fundi cherehani, na ukifika kibao kilishang'olewa na fundi mwenyewe amehamia Mbagala.

Bi Munira aliwasikiliza wote bila kuchoka, na hakumuuliza mtu njia kabla ya kumsalimia. Kwake salamu haikuwa neno moja la kupitia. Aliuliza habari za mtu, za watoto, za goti lililokuwa likiuma mwezi uliopita, na za jirani aliyekuwa akigombana naye ukuta. Waendesha pikipiki walinung'unika sana. Shomari, mkongwe wao, alikuwa akisema wazi mbele yake, "Bi Munira akimaliza kusalimia, mie mzigo ushaota mizizi." Bi Munira alimjibu kwamba mzigo wenye mizizi haurudi stoo, na kweli mizigo yake ilikuwa hairudi.

Kuna siku Shomari alipeleka gauni la harusi Pugu, akakutana uani na bata mzinga wawili waliokuwa na chuki binafsi na pikipiki. Mwanaume akapanda juu ya tenki la maji, gauni la watu kalibeba kichwani, akapiga simu ofisini analia. Bi Munira akamtafuta mwenye bata, ambaye alikuwa saluni anasukwa, akamuunganisha na simu ya Shomari na kumwambia Shomari aweke sauti kubwa. Yule mama akawaita bata wake kwa majina kupitia simu, akawagombeza, nao wakanywea wakaondoka. Shomari hajapenda kuzungumzia siku hiyo mpaka leo, kwa hiyo nimeona niiandike.

Miaka miwili iliyopita Bi Kubra, binti wa Mzee Akberali na mkurugenzi wetu wa sasa, alituletea akili mnemba. Mtambo huu hupanga mizigo ya siku nzima, hujua pikipiki ipi ipite wapi kwanza, huona foleni kabla hujaikuta, na humpigia mteja simu kumwambia mzigo wake unafika. Sote tulimtazama Bi Munira tukingoja asuse. Mwanamke huyu alikuwa akiiogopa hata mashine ya kutoa nakala, akidai inamkodolea macho. Tulishangaa kumkuta siku ya kwanza kabisa amevuta kiti pembeni ya Brightson, fundi wetu wa mitambo, na birika la chai ya tangawizi mezani, anamwambia, "Haya mwanangu, mtoto wako huyu anataka kufundwa nini?"

Na alihitaji kufundwa hasa. Mtambo ulikuwa umesikiliza simu zetu za zamani, ukajifunza kwamba mteja akisema "nakuja" basi yuko karibu kufika. Shomari akaamriwa asubiri getini Tandika, akasubiri mpaka kivuli kikamhama, kwa sababu mteja alisema "nakuja" kama tunavyosema sote tukiwa tunaondoka. Alikuwa ameelekea buchani na akapitia kwa dada yake. Bi Munira alicheka mpaka akaomba maji. Akamweleza Brightson kwamba nakuja ya mjini ina miguu miwili, wa kuja na wa kwenda. Brightson akaitikia kwa heshima zote, akainuka, akasema "nakuja", akaenda kula.

Tatizo lilibaki kwenye sauti. Ile iliyokuja na mtambo ilikuwa ya mwanamke mmoja anayezungumza kama anayesoma mashtaka, na wateja walikata simu kabla hajafika kwenye jina la kampuni. Bi Kubra akamwomba Bi Munira aazime sauti yake. Akakubali, tena kwa fahari. Stoo ya nyuma ilizungushiwa magodoro kuzuia kelele, na humo Bi Munira akasoma sentensi moja baada ya nyingine: shikamoo, habari za asubuhi, mzigo wako uko njiani, vizuri sana. Brightson alimsisitiza atabasamu anaposema "vizuri sana", kwa kuwa tabasamu husikika. Akatabasamu. Mtambo ukachukua yale maneno, na kutoka hapo ukaweza kusema hata ambayo hakuyasoma.

Wateja wakaanza kupokea simu. Waendesha pikipiki, watu wasiokosa jina la kumpachika mtu, wakauita mtambo Bi Mdogo, na Bi Munira mwenyewe wakamwita Bi Mkubwa. Utani ukafika hadi nyumbani kwake. Mumewe, Mzee Suleiman, alikuwa ameketi naye mkekani wanachambua mchele, simu yake ikaita, akapokea, akamsikia mkewe akimwambia kwamba viatu alivyoagiza vinafika leo. Akamtazama mkewe, akaitazama simu, akasoma audhubillahi, akaitumbukiza simu kwenye ndoo ya maji. Alipokuja ofisini kudai simu nyingine alilalamika kwangu rasmi kwamba ameongezewa mke bila kushirikishwa.

Siku hizo tulicheka sana. Bi Mdogo aliwaamkia shikamoo hata vijana wadogo, na tukampata kijana mmoja wa Kinondoni aliyekuwa akiagiza soksi kila wiki ili tu aitikie marahaba. Brightson akalirekebisha hilo. Mizigo ilifika mapema, pikipiki hazikupishana tena njia moja na mizigo ya mtaa mmoja, na wateja wakaongezeka. Bi Munira akaachiwa simu chache zile ngumu, nyingine zote akapiga Bi Mdogo kwa sauti ya Bi Munira. Wateja wengi hawakujua tofauti, na hakuna aliyewaambia.

Sasa nifike kwenye lililonitoa roho.

Bi Munira alialikwa harusini Mwananyamala. Aliingia ukumbini kwa vigelegele vyake kama kawaida, akakuta kina mama anaowafahamu kwa miaka wanampisha kama mtu mwenye ugonjwa. Mmoja wao, Tabu, muuza maandazi wa mtaa ule, alimwekea sahani ya pilau kwa mbali bila kumtazama. Bi Munira akamuuliza kulikoni. Tabu akamjibu mbele za watu, "Shoga, mtu mzima anakwambia kaanguka, hawezi kunyanyuka, wewe unamwambia vizuri sana? Una roho gani wewe?" Bi Munira hakuelewa hata neno moja. Akaambiwa ni Bibi Gulbahar, jirani yake Tabu, aliyelazwa kwa kuvunjika nyonga na sasa yuko nyumbani hatembei. Akaaga kabla bibi harusi hajatolewa.

Bibi Gulbahar ni mjane wa mfanyabiashara, mtu mzima sana, na tumempelekea dawa za sukari na presha kila mwezi tangu enzi za simu ya mezani. Yeye na Bi Munira walikuwa wanajuana kwa sauti kuliko watu wengi wanavyojuana kwa sura. Lakini tangu Bi Mdogo ashike kazi, Bi Munira hakuwa amezungumza naye hata mara moja.

Kesho yake asubuhi Bi Munira alikuja kwenye dawati langu, akasimama upande wanaosimama wateja. Nikadhani ananitania. Akasema, "Felicitas mwanangu, nimeleta malalamiko. Mlalamikiwa ni mie." Nilipomtazama usoni nikaacha kucheka.

Tulikwenda kwa Brightson, tukaomba simu ya siku ile. Nitayaandika niliyoyasikia kama nilivyoyasikia. Sauti ya Bi Munira, changamfu, iliamkia shikamoo na kuuliza habari za asubuhi. Bibi Gulbahar alijibu kwa sauti ya kuvuta pumzi, "Marahaba. Salama mwanangu, ila nimeanguka bafuni, siwezi kunyanyuka." Na sauti ya Bi Munira, yenye lile tabasamu la kwenye magodoro, ikasema, "Vizuri sana, Bibi. Kijana wetu yuko njiani kwako." Bibi akashukuru, akakata simu.

Na kilichofuata ndicho kibaya zaidi. Bibi hakumpigia mtu mwingine yeyote. Simu alikuwa nayo mkononi, lakini angempigia nani tena na Munira kishaambiwa, na kijana yuko njiani? Kijana mwenyewe alikuwa Shomari, na alichojua yeye ni dawa. Alipiga hodi mpaka akachoka, nyumba ya pili wamefungulia muziki wa singeli, sauti ya mgonjwa haikutoka nje. Mtambo ukamwelekeza aache mzigo kwa jirani, akauacha kwa Tabu, akaenda zake. Jioni Tabu alipopeleka dawa akamkuta bibi wa watu sakafuni, anasubiri.

Brightson alitafuta simu nyingine zinazofanana, na zilikuwepo. Mama mmoja wa Temeke alijibu, "Njema, ila tumempoteza baba jana." Ikajibu, "Nimefurahi kusikia hivyo." Brightson akavua vile visikilizio, akaviweka mezani, asijue mikono aipeleke wapi. Bi Munira akasema innalillahi palepale, kwa ajili ya marehemu aliyekwisha zikwa miezi iliyopita.

Kosa lenyewe halikuwa la fundi peke yake, wala la chuma. Ni la Mswahili yeyote. Sisi hata nyumba ikiwaka moto, jirani akituuliza habari, tutasema salama kwanza ndipo tuombe ndoo ya maji. Mtambo ulipofundishwa kwamba salama, njema na nzuri maana yake hakuna tatizo, chumba kizima kilikubali, maana salama ni salama. Hakuna aliyekumbuka kwamba habari yenyewe huja baada ya "ila". Sisi wenyewe tunaisikia ile "ila" bila kujua kwamba tunaisikia. Mtambo uliposikia salama uliziba masikio, ukabaki unasubiri tu kuambiwa mzigo upelekwe wapi.

Wapo waliodhani Bi Munira angedai mtambo uzimwe, na mimi nilikuwa mmoja wao. Akanishangaza tena. Alivuta kile kiti chake pembeni ya Brightson, na tangu hapo, miezi yote iliyobaki, wakaufunda upya. Leo mtambo ukisikia "ila", "lakini", au hata "kidogo tu" yenye mkwaruzo ndani yake, unanyamaza na kumpa mtu simu. Mwezi uliopita umetukabidhi mama wa Pugu aliyesema "nzuri tu, ila mtoto anaharisha tangu jana", na mtoto akawahishwa hospitali. Hiyo nayo ni kazi ya Bi Munira, na naomba iandikwe kwa wino uleule wa sifa zake nyingine.

Alichodai ni kitu kimoja tu. Alitaka akistaafu, aondoke na sauti yake.

Bi Kubra alishtuka. Alisema sauti hiyo ndiyo kampuni, wateja wanapokea simu kwa sababu yake, kosa limekwisha rekebishwa, na ruhusa ilitolewa kwa hiari. Yote yalikuwa kweli. Bi Munira alimjibu taratibu, kama anavyomjibu mteja mwenye hasira. "Mama, kazi yangu nimewaachia yote. Lakini hilo ni jina langu linatembea mjini bila mimi. Litasema nini kesho, na mie nitasikia wapi? Harusini tena?" Kikao kikaisha bila uamuzi. Watu wa ofisi tukagawanyika, wengine wakisema anakuza mambo, sauti si figo. Wiki zikapita, tarehe ya kustaafu ikasogea, na Bi Mdogo akaendelea kupiga simu.

Katika wiki hizo Bi Munira alikwenda Mwananyamala kutoa pole, akakataliwa mlangoni. Akaenda tena, akaingia, lakini Bibi Gulbahar akageuza uso ukutani. Safari ya tatu alifuatana na Bi Kubra, kwa kuwa bibi yule ni mtu mzima wa jamaa zao, na mimi nikaenda kwa niaba ya malalamiko. Bi Kubra alimweleza kwa adabu zote kwamba aliyezungumza naye siku ile si Munira, ni mtambo. Bibi akasema hajazeeka kiasi hicho. "Mashine haiwezi kuniita Bibi vile. Namjua Munira mie."

Bi Kubra akatoka kidogo, akampigia Brightson ofisini auelekeze mtambo upige namba ya Bibi Gulbahar. Simu ikaita pale kitandani. Bibi akapokea, nasi tukasikia wote: "Shikamoo Bibi, habari za mchana?" Bi Munira alikuwa ameketi mbele yake, mdomo ameufumba, machozi yanamshuka. Bibi alimtazama mdomoni muda wote ile sauti ikizungumza. Simu ikamteleza mkononi, na sauti ikaendelea kuuliza kutoka kwenye shuka, Bibi unanisikia?

Nilitegemea bibi atafurahi kugundua kwamba hakutendewa ubaya na mtu wake. Badala yake uso wake ulinyong'onyea, na akauliza kwa sauti ndogo, "Basi mie nilikuwa naongea na nani?"

Akatueleza kwamba miezi yote ile, kila dawa zilipokuja, alikuwa akiieleza sauti ile mambo yake: mumewe marehemu Raza anavyomjia ndotoni, mwanawe asiyepiga simu, woga wake wa kufa peke yake siku ambayo Tabu hayupo. Nayo ilimwambia vizuri sana. Bi Kubra, ambaye simjui kwa kulia, aligeuka dirishani. Bibi akanyoosha mkono, akamshika Bi Munira kidevu kama mtu anayepima tunda, akamwambia, "Sema wewe. Nikuone unasema."

Bi Munira akasema, "Pole, Bibi." Yule mama akambana kichwa kifuani, wakalia wote wawili, na mimi wa malalamiko nikawa wa tatu.

Tulirudi garini. Tulipofika Magomeni Bi Kubra akampigia Brightson, akamwambia sauti ya Bi Munira itolewe kwenye mtambo, ifutwe na isibakizwe nakala popote, ifikapo siku ya kustaafu kwake. Akaongeza kwamba sauti itakayokuja isiwe ya mtu anayejulikana, na neno lake la kwanza liwe kumwambia mteja kwamba anazungumza na mtambo. Kisha akamgeukia Bi Munira, akamwomba radhi kwa jina lake na la marehemu baba yake.

Wafanyakazi wote wa Mlangoni, kuanzia stoo mpaka kwa mkurugenzi, wanakushukuru, Bi Munira. Umetufundisha kusalimia, ukaifundisha na mashine, na umetuvumilia sote, pamoja na sisi tuliosema unakuza mambo. Shomari ameniagiza niandike kwamba atakukumbuka kuliko wote, ila neno la bata lisitajwe. Samahani, nimechelewa kupata ujumbe. Friji ulilozawadiwa litaletwa nyumbani na Mzee Suleiman atapigiwa na mtu mwenye mwili wake. Mungu akupe afya, akuzidishie umri wenye utulivu, na maisha yako mapya yawe mema kuliko haya uliyotugawia.

Kwa wateja wetu: kuanzia tarehe mosi Julai, popote mtakaposikia sauti ya Bi Munira, Bi Munira mwenyewe yupo.